Mtafsiri wa ukweni

Mwaka ule tumeenda ukweni Morogoro kula sikukuu, nikajifanya mjanja nikabeba Casshern, ile muvi ya Kijapani ya 2004. Nshaicheki mara tatu na bado siielewi ila jamani picha zake! Kiriya aliyeidairekti ni mtu wa kupiga picha na kutengeneza video za muziki, hiyo ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza, na inaonekana kabisa, kila sehemu ni ya kubandika ukutani, stori itajijua yenyewe. Dakika 141, so nikaichoma kwenye CD mbili, nikaandika 1 na 2 kwa makapeni kwa mkono wangu mwenyewe.

Maandishi ya chini hayapo. Baba mkwe akasema mkwe tafsiri basi. Kijapani changu kinaanzia arigato kinaishia hapohapo, ila mbele ya mkwe utakataaje, nikaanza kushusha uongo. Jamaa kavaa deraya jeupe, watu wanauana, karibu wote wanakufa, mi natafsiri tu "anadai urithi wake". Mara majina ya Kijapani yakaanza kupanda. Moyo ukafanya paa, nikasema baba, wenzetu majina huwa wanaweka katikati.

Nikatia CD ya pili. Sasa huku jamaa ndo kwanza yuko jeshini, anauawa vitani, babake dokta ana dimbwi la maji mekundu maabara, radi ngumu kama jiwe inashuka toka mbinguni inazama humo, maiti zinaamka.

Mzee akageuka. "Mkwe, huyu si tulimwacha na deraya?"

"Anakumbuka zamani, baba."

Kimya. Saa nzima ikapita, kimya kile cha ukweni unasikia hadi feni. Mke wangu kajifunika kanga usoni, mabega yanacheza. Mzee akauliza taratibu, "Na hayo makumbusho yake yanaisha saa ngapi?"

Mi jasho. Ikafika jamaa yuko katikati ya jeshi la maroboti anayapasua kama kuni, mzee kasimama anapiga makofi, mama mkwe katoka jikoni na mwiko, na hapohapo CD ikakata, skrini bluu.

"Tia ya tatu," akasema.

Nikamwambia imebaki Dar. Mpaka leo nikipiga simu kusalimia, kabla hata sijamaliza shikamoo, anauliza hiyo ya tatu.