Karabina za Kongowea: mtumba wa kupandia mwamba una ubaya gani hasa?

Majuzi kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, tunaepanda nae miamba, alikuja na karabina tano, zile pete zenye mlango wa springi za kuunganishia kamba, za soko la mitumba la Kongowea, zilikuwa zimetumbukizwa kwenye robota la mabegi, muuzaji hajui ni za nini akampa zote kwa mia tano. Akapiga picha akaitia kwenye grupu letu, ana furaha zake. Basi moto ukawaka. Mkubwa mmoja wa Nairobi, mtu anaeijua hii kazi kweli, miaka na miaka yuko kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate, akamjibu kwamba vifaa vya kupandia mwamba vyanunuliwa vipya, na kama huna pesa kaa nyumbani mpaka uzipate. Wengi wakamuunga mkono. Kijana akanyamaza, na Jumapili ile hakutokea.

Nianze na haki ya huyo mkubwa, maana anayo. Mwaka 2006 kule Yosemite, Marekani, Todd Skinner alianguka akafa kwa sababu kile kitanzi cha mbele cha hanesi yake (mikanda ya kiunoni na mapajani anayovaa mpandaji), kile unachofungia karabina, kilikatika. Huyu hakuwa mwanafunzi, alikuwa mmoja wa wapandaji wakubwa wa Marekani, na kitanzi kilikuwa kimeshachakaa, alikuwa ameshaagiza hanesi nyengine ila haijafika. Kama kitambaa kilimhadaa yeye na hanesi ni yake mwenyewe, anaijua tangu mpya, mimi na wewe tutajuaje hanesi ilokaa kwenye gereji ya mtu Ulaya miaka kumi na tano kabla ya kuingia robotani? Lebo ya tarehe imeshafutika, rangi imepauka. Watengenezaji wengi wanasema kitu cha kitambaa, yaani hanesi, kamba, slingi (vitanzi vya utepe), mwisho miaka 10 tangu kitengenezwe hata kama hakijatumika. Hapo sina ubishi nae.

Na kamba ndio kabisa usiguse. Kamba mpya ya kupandia yafanyiwa majaribio ya kuangushiwa uzito wa kilo 80, maanguko mabaya kuliko karibu yote utakayoyaona maishani, na lazima ivumilie si chini ya mara 5. Ina nguvu mno kiasi kwamba Pit Schubert, aliekuwa akichunguza ajali za klabu ya milima ya Ujerumani, alipofuatilia kamba zilizokatika alikuta kisa ni kile kile, ncha kali ya jiwe, na mara chache tindikali ya betri. Sasa hii tindikali ndio inayonitisha mimi, maana inakula nailoni na huenda nje usione kitu. Fikiria ile kamba imesafiri vipi mpaka ikakufikia, konteina, stoo, buti ya matatu, chini ya kiti cha tuktuk pembeni ya betri. Kamba ya mtumba hata nikipewa bure nitaanikia nguo.

Lakini kijana hakununua kamba, wala hanesi. Alinunua chuma, nikimaanisha vifaa vya madini hata vya alumini, na hapa ndipo naona hakutendewa haki.

Chuma kina hesabu nyengine. Watengenezaji wenyewe hawakipi tarehe ya kufa, wanakwambia kitumie mpaka kichakae, na kuchakaa kwake unakuona kwa macho, kamba imechimba mfereji mahali inapopita, kuna ufa, mlango haurudi sawa. Hata ile hofu kwamba karabina ikianguka chini mara moja imekwisha, ati ina nyufa ndani zisizoonekana, watu wamezichukua zilizoangushwa wakazivuta kwenye mashine na mara nyingi zilikatika kwenye nguvu ile ile ya mpya. Kwa hivyo karabina ya alumini ilovuka bahari kwenye robota, imechongwa namba zake vizuri, si kitu cha kukimbiwa kama nyoka.

Na hizo namba ndizo nataka tuzitazame, maana watu wazisoma nusu. Karabina ya kawaida imeandikwa ubavuni 20 kN (kilonewtoni, kipimo cha nguvu) au zaidi, hio ni kama tani mbili. Pembeni yake kuna namba nyengine ndogo yenye alama ya mlango ulio wazi, na hio mara nyingi ni 7, 8 au 9. Yaani kifaa kile kile, kipya kabisa dukani, mlango usipofunga chapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, pengine theluthi mbili. Sasa jiulize ni nini kinachofanya mlango usifunge. Mchanga na chumvi! Sote hapa twajua chumvi ya Mombasa inavyofanya kazi, grili za Nyali zinavimba kutu kabla hazijamaliza miaka, kufuli la geti lagoma, nondo zachungulia kwenye slebu za Old Town. Alumini haivimbi kutu nyekundu kama chuma chenyewe lakini nayo yaota unga mweupe, springi ya mlango inaanza kuwa nzito, unaibonyeza inarudi polepole, siku nyengine inaishia njiani. Umeanguka hapo, una 7, huna 20.

Na chumvi haiulizi risiti. Namjua mtu mwengine hapa, sitamtaja, alinunua kila kitu kipya kutoka ng'ambo, kila kitu chenye lebo, halafu anavitundika baraza ya ghorofa inayotazama bahari, jua na upepo wa kusi vyote vyake, mwaka wa pili huu. Hanesi imeshapauka, karabina zalia kriii. Kwenye grupu hajawahi kuulizwa neno, kwa sababu alinunua vipya.

Alafu tuseme ukweli wa pesa. Viatu vya kupandia vingi ni kama dola 100 kwenda juu, kamba ya mita 60 ndio usiseme, na bado usafiri na ushuru. Ukimwambia kijana wa Kisauni angoje mpaka avipate vyote vipya umemwambia asipande. Viatu vya mtumba vikikuangusha umeteleza tu, kamba ipo, fundi wa viatu pale sokoni anagundisha soli umeendelea. Mpya iwe hanesi na kamba, na hata hivyo kamba twaweza kuchanga watu wanne, chuma na viatu mtu atafute anapopata bora ajue kutazama. Huyo mkubwa angemfundisha kutazama ingemchukua dakika kumi.

Mi nilimpigia. Akaja jioni na zile karabina zake kwenye mfuko wa nailoni, tukatia maji ya moto na sabuni kwenye beseni, tukasugua na mswaki. Mbili tulipozitoa povu tukakuta zimeandikwa kabisa si za kupandia, za kufungia funguo, akacheka akazitia kwenye begi lake la shule. Ya tatu namba zipo, 22 na 7, ila mlango ukibonyeza wabaki umeachama unywele mmoja, tukaosha mara ya pili, tukaikausha, tukatia mafuta kidogo ya cherehani kwenye bawaba, ukabaki vile vile. Hio ataning'inizia viatu. Mbili zilizobaki milango inapiga tak, mara kumi, mara ishirini, hakuna mfereji, hakuna ufa, nikampitisha kidole kwenye kila ukingo mpaka nae akajua anatafuta nini.

Hanesi ataazima yangu ya pili, ina miaka mitatu na naijua ilipolala kila usiku. Jumamosi twachukua treni ya asubuhi tushuke Voi tukapande.