Daktari Ameniandikia Kelele

Mashine za kusaga unga wa posho za Kisenyi, hapa Kampala, zikizimwa, vijana wa boda boda wakienda kulala, ndipo sikio langu la kushoto linapoingia kazini. Iiiiiiiii. Mbu ana nafuu: ukimkosa kofi leo, kesho utampata. Huyu wa ndani utampiga kofi gani?

Mimi kazi yangu ni kupokea magunia kando ya kinu. Ukitaka kumwambia mwenzako "sogeza gunia" lazima umwingie sikioni na umfokee kama mwizi. Wataalamu wanasema ukikaa kwenye kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, masikio yako hatarini. Nilimweleza bosi, nikamwomba vizibo vya masikio. Akaniambia tununue kwanza mkanda wa mashine, desibeli zitakuja baadaye.

Na mgonjwa wa sikio Kampala hakosi waganga. Mama Zubeda, mke wangu, kasema nasengenywa. Nikamuuliza, huyo msengenyaji haendi hata chooni? Fundi viatu wa jirani kashauri mafuta ya moto na kitunguu saumu, yamiminwe humo humo. Nikamwambia mimi si rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai. Mwingine akauliza kama nimetundikiwa dripu ya kwinini, na huyo angalau alikuwa na hoja, maana kwinini kweli huvumisha masikio, hata aspirini ukiizidisha. Lakini malaria sijaugua siku nyingi, kwinini ningeinywea nini?

Mama Zubeda akanisukuma hadi soko la Owino, kwa bwana wa dawa. Kipaza sauti kaning'iniza kwenye mwavuli, sauti yake iliyorekodiwa inazunguka bila kupumua: dawa ya masikio, dawa ya meno, dawa ya panya. Chupa zote zinafanana. Nikamuuliza bei. Kimya. Nikauliza tena. Akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio: "Unasemaje, mzee?"

Nikageuza nikarudi nyumbani. Mama Zubeda akanitazama, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Mbona muuzaji mwenyewe hasikii?

Mwishowe nikaenda kwa daktari wa masikio, wa cheti. Foleni ndefu, na kila jina lilikuwa linaitwa mara tatu, maana wenye majina hawasikii. Akachungulia kwa kitochi chake. Eti wengine ni nta tu imejaa, ikitolewa mlio unakwisha. Moyo ukanidunda kwa furaha. Akachungulia tena: nta hakuna. Banange! Vumbi la unga ninalo puani, kwenye nyusi, mpaka kwenye chai, ila uchafu wenye faida ndio nimenyimwa. Na vile vijiti vya pamba akanikataza kabisa, kwamba vinasukuma nta ndani.

Akauliza kama mlio unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au kama usikivu ulipotea ghafla, maana hapo mtu hangoji kesho. Nikasema hapana. Basi akaeleza: ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vijinywele, kelele ya kinu imezichakaza, na hazioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyozoea, unajitungia yake. Ubongo wangu huu! Tarehe ya kodi unasahau, kumbe muziki unaweza.

"Kidonge?" nikauliza.

"Cha kuukomesha hakuna. Ziba masikio kazini, na usilale kwenye kimya. Washa feni, au redio ya chini chini, isiuzidi mlio. Polepole ubongo utaona mlio hauna habari mpya, utaacha kuusikiliza. Ukiukasirikia ndiyo unaupa chakula."

Nimelipa pesa, ndugu zangu, nikaambiwa nikaongeze kelele nyumbani.

Vizibo nikanunua mwenyewe, bosi akacheka. Feni nayo ni kweli inasaidia: ikivuma, ule mlio unarudi nyuma kama mdeni aliyekuona sokoni. Tatizo umeme. Ukikatika usiku wa manane, Mama Zubeda haamki, watoto hawaamki, mimi nimekaa wima kitandani nasikiliza bendi yangu.

Zamani isingekuwa shida. Nyuma ya nyumba palikuwa na baa yenye jenereta yake, muziki mpaka alfajiri, ukipita ukutani unabaki mvumo mzito mzito, sasa ndiyo dawa hasa. Ila nani alizunguka mtaa mzima akikusanya saini baa ifungwe, akapeleka barua kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa? Msiniulize.

Jana nikaenda kwake na barua nyingine, ya kuifuta ile ya kwanza. Akaisoma taratibu, akaisoma tena, akavuta droo akatoa muhuri, akaushika juu juu bila kugonga.

"Mzee," akasema, "ya kufunga ulilipia muhuri. Ya kufungua, muhuri ni mara mbili."

Nikamwambia sikusikia vizuri.