Simba Aliyenichania Suruali London

Haya, kwa kuwa video imeshafika hadi kundi la ukoo, na yule anayejiita rafiki yangu ameandika chini yake "jamaa analia", acha niseme mwenyewe. Sikulia. Kulikuwa na upepo.

Pale Trafalgar Square, chini ya nguzo ya Nelson, yule kamanda wa majini wa Waingereza ambaye sanamu yake imesimama juu kabisa, wamelala simba wanne wa shaba. Wapo tangu 1867. Aliyewabuni, Landseer, alikuwa mchoraji, na ukiwatazama vizuri unaona: wamenyoosha miguu ya mbele kama paka aliyeshiba dagaa. Nikatamba, "Kwetu wapo wa kweli Serengeti, huyu atanishinda nini?" Mtu wa Tanga huyo anayesema, Serengeti hajawahi kukanyaga. (Nyie mnaocheka, mmefika?)

Kupanda haikuwa kazi, rafiki alinisukuma kwa chini. Nikakaa mgongoni, nikapunga mkono, picha ikapigwa.

Kushuka sasa.

Nikateremsha mguu wa kulia. Hewa. Nikaurudisha. Nikateremsha wa kushoto. Hewa vilevile. Manyunyu yalikuwa yamepita, na shaba ile imesuguliwa na makalio ya watu miaka zaidi ya 150, inateleza kama bamia. Nikaanza kwenda mwenyewe, pole pole, kuelekea mkiani, nimemkumbatia simba kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nelson, karibu mita 50 juu yangu, kajifanya haoni. Hapo ndipo niliposikia: praaaa! Suruali ya harusi ya dada, nimeivaa mara moja tu, imeachia kuanzia zipu hadi mkanda wa nyuma. Upepo ukaingia bila hodi. Na boksa, wapendwa, ilikuwa ya njano.

Katoto ka miaka kama saba kakapanda, kakapigwa picha, kakashuka. Kakanitazama kwa huruma.

Nikaropoka, nikijua niko ugenini, nani atanielewa: "Mama yangu weee, nakufa kwa Wazungu matako nje!"

Sauti ya mama mtu mzima ikaitika kutoka chini: "Hufi, mwanangu! Geuka, shuka kinyumenyume, kama unashuka mnazi!"

Mnazi. Naelekezwa kushuka mnazi. Mimi. Wa Tanga.

Nikageuka, nikashuka, mlinzi wa uwanja akanikaripia, nikafunga sweta kiunoni, basi. Rafiki bado anarekodi, anacheka hadi simu inatikisika, ndiyo maana video yenu haionekani vizuri, mshukuruni Mungu.

"Shikamoo mama," nikasema, mkono mmoja nyuma.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Uganda." (Waganda, nisameheni, nilikuwa na hali mbaya.)

Akanitazama kuanzia viatu hadi utosini.

"Mganda wa Pangani au wa Muheza?"