Mshororo Uliovunjika: Kurasa za Makala na Mamlaka ya Kiolezo

Msomaji mmoja alituma shairi katika gazeti la mkoani nililokuwa nikilisanifia kurasa. Alikuwa ameliandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: beti saba, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Lilipotoka gazetini Jumamosi, kila mshororo ulikuwa umekatika, na neno la mwisho limeangukia mstari wa chini, peke yake. Hapakuwa na kosa la herufi hata moja. Mhariri alikuwa amelisoma, msoma prufu amelipitia, nami nikalimimina ndani ya safu za kiolezo, yaani mpangilio wa ukurasa uliotengenezwa tayari, kama nilivyoagizwa. Mwenye shairi alipiga simu, akasema kwa upole kwamba lile si shairi lake.

Nimelikumbuka shairi hilo kwa sababu ya mabishano yanayojirudia katika magazeti ya Kiswahili, hasa madogo yanayohudumia mkoa mmoja au miwili. Wako wanaosema kurasa za makala zijengwe kwa kiolezo kilekile cha kurasa za habari, chenye safu tano au sita, ili kazi iende haraka na gazeti liwe na sura moja. Wako wanaosema makala ni kazi ya aina nyingine na inastahili ukurasa wa aina nyingine, uliopangwa na msanifu aliyeisoma. Hoja za kundi la kwanza zinajulikana, kwa kuwa husemwa na wenye kauli ya mwisho katika chumba cha habari. Za kundi la pili husikika kama malalamiko ya watu wanaotaka mapambo, na hapo ndipo naona pamekosewa.

Kiolezo kina haki yake, na ni vema isemwe mapema. Gazeti dogo la kurasa 16 mara nyingi lina msanifu mmoja, au wawili wakizidi. Habari za jioni huingia saa mbili usiku, mtambo wa kuchapa una zamu yake, na gari la kusambaza magazeti halimsubiri mtu. Katika hali hiyo, ukurasa unaojengwa kwa dakika 20 una thamani ambayo ukurasa mzuri wa saa tatu hauna. Tena gazeti halirefuki kwa ukurasa mmoja mmoja: karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo mhariri aliyepata makala ndefu hawezi kujiongezea ukurasa wa 17. Atakaa ndani ya 16 au atapanda hadi 20, na gharama ya karatasi itapanda pamoja naye. Msomaji naye huzoea. Anajua barua ziko wapi, tanzia ziko wapi, michezo iko wapi, na mazoea hayo yamelifanya gazeti lake kuwa lake.

Hoja hizo zina uzito. Lakini zote zinahusu mwendo wa kazi, wala hakuna hata moja inayogusa namna macho ya msomaji yanavyopita juu ya maandishi ya Kiswahili. Naomba nikae hapa kidogo, maana mabishano mengi hufungwa kabla ya kufika hapa.

Chukua ukurasa wa gazeti dogo ambao maandishi yake yana upana wa sentimita 26. Ukiugawa katika safu sita na kuacha milimita 4 kati ya safu na safu, kila safu inabaki na milimita 40. Kwa herufi za kawaida za pointi 9, mstari mmoja utachukua takriban herufi 28, nafasi zikiwemo. Safu tano zinakupa karibu milimita 49, yaani herufi 34 hivi. Safu nne zinakupa milimita 62, na herufi zinafika 43.

Sasa andika sentensi ya kawaida kabisa ya makala ya kilimo: "Wakulima wasiojiandikisha hawatapewa mbolea." Katika safu ya herufi 28, mstari wa kwanza unabeba maneno mawili tu, "Wakulima wasiojiandikisha", ambayo pamoja na nafasi iliyo kati yake ni herufi 25. Neno "hawatapewa" haliingii, kwa hiyo linashuka. Kwa kuwa magazeti hunyoosha kingo zote mbili za safu, zile nafasi tatu zilizobaki lazima ziende mahali, na pengo ni moja. Pengo hilo linakuwa mara nne ya kawaida, na jicho linaruka kama mguu uliokosa ngazi. Mstari wa lugha yenye maneno mafupi, kama Kiingereza, ungekuwa na maneno manne au matano, na ziada hiyohiyo ingegawanywa katika mapengo matatu au manne bila mtu kuiona. Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi ndani ya kitenzi kimoja. "Wanavyowahudumia" ni herufi 16. "Yaliyowasababishia" ni 18. Maneno kama hayo si ya nadra, maana ndiyo yanayoibeba sentensi.

Magazeti yetu mengi makubwa yana ndugu wa Kiingereza katika nyumba moja: Mwananchi na The Citizen, Nipashe na The Guardian, HabariLeo na Daily News, Taifa Leo na Daily Nation. Nyumba ikiwa moja, mafundi wakiwa walewale na kompyuta zikiwa zilezile, ni rahisi vipimo vinavyofaa lugha moja kuonekana kuwa vipimo vya gazeti kwa jumla, na magazeti madogo yakajifunza kwa makubwa. Hata ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari umeathirika. Programu ya usanifu isiyoelezwa kuwa maandishi ni ya Kiswahili hukata kwa kanuni za lugha iliyowekewa, na nimewahi kukuta "nyum-" mwishoni mwa mstari na "ba" mwanzoni mwa mstari unaofuata. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa m na n zinazosimama peke yake na baadhi ya maneno ya mkopo. Mtoto wa darasa la pili anajua ni "nyu-mba". Kanuni nyepesi kiasi hicho inaweza kuwekwa mara moja kwenye kompyuta ya msanifu na ikatumika miaka yote, lakini atakayeiweka ni mtu ambaye kazi yake imehesabiwa kuwa sehemu ya uandishi.

Mhariri hujibu kwamba safu pana hula maneno. Nilisikia jibu hilo miaka mingi nikaliamini, hadi siku nilipokaa na kupiga hesabu. Safu sita zenye herufi 28 zinatoa herufi 168 katika kimo cha mstari mmoja wa ukurasa. Safu tano zenye herufi 34 zinatoa 170. Safu nne zenye herufi 43 zinatoa 172. Safu nne hubeba herufi nyingi zaidi, kwa kiasi kidogo, kwa sababu mapengo baina ya safu yamepungua kutoka matano hadi matatu. Hakuna aya inayopaswa kukatwa. Makala yaleyale, kwa herufi za ukubwa uleule, yanaingia katika ukurasa uleule na kusomeka kwa raha zaidi. Hesabu hii haihitaji shahada yoyote, na bado sijawahi kuisikia ikitajwa katika kikao cha kupanga gazeti, ingawa kauli kwamba wasanifu wanataka kula nafasi nimeisikia mara nyingi.

Turudi kwenye shairi, kwa kuwa huko jambo hili linaacha kuwa la raha ya macho tu. Ushairi ulikuwamo katika magazeti ya Kiswahili tangu zamani. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliotoa tungo zao humo. Taifa Leo limeendelea kuwapa washairi nafasi hadi katika miaka yetu. Mshororo wa mizani 16 una ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mizani 8 na utao, nusu ya pili, wa mizani 8, na kina cha kati kinaitika kwa kina cha mwisho. Chukua mshororo huu niliouandika kwa ajili ya mfano:

Nauliza mwenye shamba, mbona mazao yaoza

Una herufi 40, nafasi na mkato vikiwemo. Katika safu ya herufi 28 unakatikia kwenye "mbona", na "mazao yaoza" yanashuka. Katika safu ya herufi 34 unakatikia kwenye "mazao", na "yaoza" linabaki yatima chini. Katika safu ya herufi 43 unakaa mzima, kina cha "-mba" katikati na cha "-za" mwishoni, vikisimama wima ubeti mzima kama nguzo za baraza. Wengi wetu husoma shairi kwa kuliimba moyoni, na sauti hupumua pale mstari unapoishia. Mstari ukiishia mahali pasipo kina, pumzi inakatika mahali pasipo haki. Yule mzee aliyepiga simu alikuwa akieleza jambo la kitaalamu, ingawa hakulipa jina hilo: safu ya milimita 49 ilikuwa imeivunja bahari, yaani umbo, ya shairi lake.

Kuna suala la picha pia. Karatasi ya magazeti hunywa wino. Kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa magazeti, ISO 12647-3, kinatarajia kwamba nukta za wino zinazounda picha, zikitayarishwa kufunika asilimia 50 ya eneo, zitavimba kwa takriban asilimia 26, zikafika 76. Maana yake ni kwamba rangi za kati, zile zilizo baina ya nyeupe na nyeusi, hugiza, na rangi za kati ndizo zinazobeba ngozi zetu. Mama muuza dagaa aliyepigwa picha sokoni saa sita mchana, na mtandio wake mweupe ukimeta, asiposhughulikiwa kabla ya kwenda mtamboni atatoka kama mtandio usio na uso. Halafu picha yake ikibanwa katika safu moja ya milimita 40 na yeye amesimama mzima, uso wake utakuwa na upana wa milimita 4 hivi. Kwa uchapaji wa magazeti, ambao mara nyingi hutumia nukta 85 hadi 100 kwa inchi, uso huo utachorwa kwa nukta 13 hadi 16 kutoka shavu hadi shavu. Makala yanayosimulia maisha yake kwa maneno 1,200 yanamtambulisha kwa nukta 16. Msanifu anayeomba picha ichukue safu mbili au tatu, na anayeomba nusu saa ya kuinua mwanga wa rangi za kati, anaomba mtu huyo aonekane.

Wasanifu nao tuna makosa yetu. Nimeona kurasa za makala zenye fonti sita, maandishi meupe juu ya picha yenye majani na maua, vichwa vya habari vilivyolazwa mshazari, na dondoo zilizorudia sentensi iliyo mistari miwili tu juu yake. Nimeona makala kuhusu msiba yakipambwa kama kadi ya harusi. Uhuru wa kuanza ukurasa upya kila wiki, bila kanuni, humfanya msanifu ajionyeshe yeye badala ya kuyaonyesha makala, na wahariri waliokatwa na kisu hicho wana sababu ya kutotuamini. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka violezo vitupwe. Ninachokiona kuwa sawa ni kiolezo cha pili: safu nne, mahali palipotengwa kwa picha moja kubwa, ukataji wa maneno kwa silabi za Kiswahili, fonti mbili na basi. Kinatengenezwa mara moja. Baada ya hapo ukurasa wa makala unajengeka kwa muda usiozidi sana ule wa ukurasa wa habari, na hoja ya haraka inapungua nguvu.

Zaidi ya hapo, msanifu aitwe mapema. Makala mengi hujulikana siku nne au tano kabla ya kutoka. Mwandishi akisema Jumatatu kwamba anakwenda kuandika kuhusu wavuvi wa usiku, msanifu akiwepo atauliza ni nani atakayepiga picha na saa ngapi, na kama kuna ramani au hesabu inayofaa kuwekwa kando. Asipoitwa, Alhamisi jioni atakabidhiwa maneno 1,400 na picha mbili za simu zilizopigwa gizani, kisha alaumiwe kwa ukurasa mkavu.

Linalobaki gumu ni matangazo, nami sina jibu la kuwaridhisha wote. Katika gazeti la kurasa 16, kurasa za 8 na 9 ndizo pekee zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja bila kutenganishwa, kwa hiyo ndipo picha inaweza kuvuka mkunjo ikabaki picha moja. Makala yanapataka pale, na mtangazaji mkubwa naye anapataka palepale, na ndiye anayelipa karatasi. Tangazo la robo ukurasa likiingia saa moja jioni, ukurasa wa makala ndio hukatwa kwanza, kwa kuwa makala "yanaweza kusubiri". Pendekezo langu ni kwamba kurasa za makala zifungwe siku mbili kabla ya toleo na zisifunguliwe tena, na tangazo linalochelewa liende kwenye kurasa za habari, ambazo bado ziko wazi na ambazo habari zake fupi zinaweza kuhamishwa bila kuvunjika. Idara ya matangazo italalamika wiki za mwanzo. Mteja akielezwa kwamba kurasa za kati hufungwa mapema, ataleta tangazo lake mapema, kama anavyoleta mapema tangazo la ukurasa wa mwisho kwa kujua kwamba nafasi hiyo huwahiwa.