Mche hauumwi, acheni urea

Mtu akiweka tu picha ya mche wa moyo wa ng'ombe, zile nyanya kubwa zenye umbo la moyo, shina kama penseli, majani yananing'inia kama nguo zilizolowa, mabingwa wameshajaa: "Hiyo ina njaa ndugu, piga urea." Kisa, haifanani na Rio Grande, nyanya waliyoizoea. Basi na swala naye apewe pumba, maana hafanani na ng'ombe.

Anna Russian na aina nyingi za ukoo huo huzaliwa hivyo, na hata Opalka, ingawa tunda lake ni refu kama pilipili. Opalka ilitoka Poland ikafika mji wa Amsterdam, New York, karibu mwaka 1900, na wembamba wake ikaja nao. Sasa ipe urea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, uone kama itanenepa. Itarefuka, italainika, maua yatapukutika, na matunda machache yatakayobaki yataoza kitako. Kisha msema mbegu mbovu.

Mche uliokosa mwanga una shina refu, jeupejeupe, chini ya yale majani mawili ya mwanzo. Mwembamba wa kuzaliwa shina lake ni la kijani na halijarefuka ovyo. Majani ndiyo yamelegea, saa 1 asubuhi kama saa 8 mchana. Ukihofia mnyauko wa bakteria, kata shina la mche mmoja karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Mgonjwa atatoa uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache.

Kinachoudhi kuliko vyote kinafanyika kitaluni. Watu hupunguza miche kwa mazoea: ng'oa iliyokonda, bakiza minene. Kwenye trei ya moyo wa ng'ombe, ule mche mmoja uliojaa, wenye majani mapana, mara nyingi ndio uliochanganyika na aina nyingine. Mmetupa nyanya yenyewe, mmelea mgeni! Kamulieni mbegu kwake msimu hadi msimu, halafu mshangae moyo umekuwa mpira.

Mche huu unachotaka ni mti wa kuegemea. Tunda moja laweza kupita gramu 400. Simika mti wa mita 2, sentimita 50 ziwe ardhini, siku ile ile ya kupandikiza. Ukingoja, utakata mizizi. Zika shina hadi karibu na majani ya juu, litaotesha mizizi njiani. Funga kwa vipande vya kitambaa, umbo la nane, kila sentimita 20. Uzi wa nailoni utalikata. Vikonyo vya vishada navyo ni vyembamba, kwa hiyo vishikize matunda yakiwa bado madogo kuliko yai.

Bakiza mashina mawili kila mche. Majani ni machache tayari. Ukiyapogoa kama ya nyanya za kwenye banda, jua litababua matunda yawe na baka jeupe kama karatasi. Maji yasikatike. Udongo ukikauka kisha ukafurika, kitako kitaoza hata ukimwaga chokaa.

Haya, nakiri: nyanya hizi hazijazi tenga, na kwa lori zitafika Kariakoo zimekuwa mchuzi. Anayelima kwa soko apande kitu kingine. Kanitangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, naye hachagui ukoo. Lakini kata moja ubaoni: nyama tupu, mbegu chache, kisu hakitoi maji. Na ukimwona jirani anakuja na kisado cha urea, mpe kiti, mpe chai, asifike bustanini.