Waya 4 Huku, 4 Kule

Msimu wa korosho ndio ofisi moja ninayoihudumia hapa Mtwara inapokumbuka kwamba ina seva. Stakabadhi za ghalani zinaskaniwa kutwa nzima, zote zinakwenda kulala humo. Msimu huo wakaanza kulia: faili zinatambaa kama konokono aliyekunywa uraka.

Nikapima kwa iperf3, programu ya kupimia kasi ya mtandao. Megabiti 94 kwa sekunde. Nikarudia: 94. Switchi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ni ya gigabiti, yaani megabiti 1,000; kadi ya mtandao ni ya gigabiti, Linux mpya kabisa. Mwenye akili zake angeiona ile 94 akacheka, maana ndiyo inayobaki kwenye laini ya megabiti 100 vichwa vya pakiti vikishachukua chao. Mimi nikamshuku draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Kumshuku draiva kuna heshima yake bwana. Kushuku waya ni mambo ya fundi umeme.

Siku mbili nikachezea mipangilio ya mtandao: nikapanua bafa za TCP, nikazima TSO, nikaiwasha, nikabadilisha draiva. 94. Kwenye kumbukumbu za mfumo draiva alikuwa ameandika waziwazi kwamba SmartSpeed, ule ujanja wa kadi wa kupunguza mwendo waya ukiwa na kasoro, imeshusha kasi ya laini. Niliusoma ule mstari nikaupita kama mtu anavyolipita duka analodaiwa.

Saa nne usiku, niko kwangu Magomeni nimeingia kwenye seva kwa mbali, akili ikanijia. Kwa ethtool, amri ya Linux ya kupangia kadi ya mtandao, nikaiamuru kadi itangaze gigabiti peke yake, isikubaliane na switchi habari za 100. Nikabonyeza Enter. Skrini ikaganda. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, labda haikusikia. Ndipo nikang'amua kwamba njia niliyoingilia ilikuwa ni kadi hiyohiyo.

Bodaboda mpaka Shangani. Mlinzi yuko mlangoni anamenya ming'oko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, fundi. Usiku huu, kuna msiba?"

"Upo, uko ndani."

Akanimulikia tochi, nikatambaa chini ya meza. Kwenye plagi ya seva zimeingia nyaya nne tu: za chungwa mbili, za kijani mbili. Za bluu na za kahawia zimechepuka kwenye plagi nyingine, zinaelekea kwingine kabisa. Megabiti 100 inaridhika na nyaya nne. Gigabiti inazitaka zote nane.

"Fundi gani mpumbavu kafanya hivi?" niling'aka.

Mjomba akasogeza tochi. Kikaratasi, selotepu imegeuka njano, mwandiko wangu na namba yangu ya simu: USIGUSE. WAYA 4 HUKU, 4 KULE.

"Si wewe mwanangu? Ulisema kuvuta waya mwingine ni kula hela bure."

Sikujibu. Nikakata, nikabana plagi mpya pande zote mbili, nyaya zote nane ndani, nikairudisha kadi kwenye mipangilio yake. 941! Nikaipiga picha skrini, nikamtumia bosi usiku uleule, nikala ming'oko mitatu ya Mjomba, nikaenda kulala kama mfalme.

Saa mbili asubuhi simu ikaita. Bosi. Nikasafisha koo, nikapokea kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi.

"Wee fundi, picha yako nimeiona kwenye simu. Sasa mbona kompyuta yangu haina mtandao kabisa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kule ni wapi.