Mtoto yuko likizo, mlezi alipwe?

Kila Desemba, shule zikishafungwa na stendi ya Nanenane ikaanza kujaa mabegi, mazungumzo yaleyale hurudi milangoni kwa akina mama wanaolea watoto wa watu hapa Dodoma. Mzazi amekuja jioni kumchukua mtoto. "Mama, kesho hatuji, tunakwenda nyumbani kusalimia. Tutarudi tarehe 6." Mlezi anajibu, "Haya mwanangu, mfike salama, mnisalimie bibi." Suala la hela haligusi mtu. Mzazi anaondoka akiwa na hakika kwamba siku ambazo mtoto hayupo hazilipiwi, na mlezi anafunga mlango akijua hivyohivyo.

Wapo walezi wachache ambao sasa wameanza kulitaja jambo hili. Wanasema mtoto akienda likizo, mzazi alipe japo nusu, kwa sababu nafasi yake inabaki. Wazazi wamelipokea vibaya. Kazini na kwenye makundi ya simu nimesikia maneno kama "tamaa" na "wamejifunza mjini." Mlezi mwenyewe hayumo kwenye makundi hayo, wala hana ofisi ya kwenda kujieleza. Ndiyo maana nimeona niupime upande wake kwa kirefu kidogo, bila kuufuta wa wazazi, maana nami ni mzazi.

Ninayemsema hapa ni mama anayepokea watoto wanne, sita, wakati mwingine wanane, nyumbani kwake Nkuhungu, Ilazo, Chang'ombe au Nzuguni, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka wazazi watakaporudi. Dada wa kazi anayeishi kwa mwajiri ana habari yake nyingine, na vile vituo vya kulelea watoto mchana vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 vina ada na risiti zake. Mama huyu amejiajiri. Kwa jicho la sheria hakuna mzazi aliye mwajiri wake, kila mzazi ni mteja. Kwa hiyo hana likizo ya mwaka, hana siku za kuumwa zenye malipo, na hana wa kumwekea akiba ya uzeeni asipojiwekea mwenyewe.

Mji huu umemhitaji kwa kasi kubwa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mitaa imejaa wazazi vijana ambao bibi wa mtoto yuko Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam. Mtu anayelala Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anauvuka mji mzima kila asubuhi. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, wapo wanaotoka ofisini saa 2 usiku, na mtoto anakuwa ameshakula, ameogeshwa na kulala kwenye mkeka wa mtu ambaye hata muda wa ziada hajauandika popote.

Wazazi wana hoja, na zina uzito. Ya kwanza ndiyo inayorudiwa kuliko zote: huduma haikutolewa, kwa nini ilipwe? Mtoto hakunywa uji pale, hakuchafua nguo pale, hakubebwa. Ya pili ni kwamba Desemba na Januari ndiyo miezi inayomkamua mzazi, kwa nauli ya kwenda na kurudi, sare, madaftari na ada za wakubwa. Ya tatu, ambayo naiona ndiyo nzito, ni kwamba si kila mzazi ana mshahara. Mama lishe wa soko la Majengo akifunga wiki mbili, naye hakuna anayemlipa kwa sufuria alizozifunika. Kumwambia alipe kwa siku ambazo yeye mwenyewe hakuingiza kitu ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Hoja hiyo nitairudia.

Lakini ile ya kwanza tuitazame vizuri. Nani ametuambia kwamba tunachonunua kwa mlezi ni siku? Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu ulikuwa Singida wiki tatu. Shule binafsi hutoza ada ya mwaka mzima, na hakuna mzazi anayekwenda kudai arudishiwe ya Juni na ya Desemba wakati madarasa yamefungwa. Tunaelewa, bila kuambiwa, kwamba walimu wanakula hata shule ikifungwa. Kwa mama wa mtaani uelewa huo unakatika ghafla, na nadhani unakatika kwa sababu kazi yake inafanana mno na ile ambayo mama zetu waliifanya bila kulipwa.

Kinachonisumbua zaidi ni namba 28. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, mshahara wake ukiwa palepale. Ni haki nzuri, na watu waliipigania. Tazama inavyofika kwa mlezi. Mzazi anachukua siku zake 28, anakaa na mwanawe na mshahara unaingia. Kwa kuwa anakaa na mwanawe, hela ya mlezi inasimama. Siku zilezile ambazo sheria imemlinda mzazi asipungukiwe ndizo zinazomwacha mlezi bila kitu. Hapo katikati hakuna mwenye nia mbaya. Mzazi anayelipwa kwa kupumzika anaona ni haki kabisa kwamba aliyemlelea mwaka mzima asilipwe kwa sababu yeye amepumzika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mlezi ana watoto sita, kila mmoja shilingi 40,000 kwa mwezi, jumla 240,000. Desemba wanne wanasafiri, wanabaki wawili, 80,000. Kodi ya chumba na sebule haijashuka na marejesho ya kikoba hayajasogezwa. Ni kweli uji, maziwa na mkaa vimepungua. Tuseme robo ya ile hela ilikuwa ya chakula. Basi kwa watoto wanne waliosafiri ameokoa 40,000 na amepoteza 160,000. Akikopa ili kuziba pengo, mara nyingi atakayemkopesha haraka ni wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, na deni la Desemba litalipwa kwa jasho la Machi.

Upande wa mzazi, mfano uleule unasema hivi: nusu ya mwezi mmoja ni 20,000. Ukiigawa kwa miezi 12 haifiki shilingi 1,700 kwa mwezi. Nimeirudia hesabu hiyo mara kadhaa nikidhani nimekosea. Zogo lote hili, kwa mzazi mwenye mshahara, ni la kiasi hicho. Kwa mlezi, nusu hizo nne ni 80,000, na mwezi wake unatoka 80,000 hadi 160,000.

Yupo atakayesema mlezi apandishe bei kidogo mwaka mzima ajiwekee mwenyewe. Kwenye karatasi ni sawa. Mtaani bei ya kulea huangaliwa kwa jirani. Mama wa nyumba ya tatu akitoza 40,000, wewe wa 44,000 utaonekana mwenye majivuno kabla hujaeleza kwamba 4,000 ile ni ya Desemba. Na shilingi 4,000 ya Februari, kwa mtu anayenunua unga kwa kipimo, haifiki Desemba.

Hivyo mlezi hufanya anachoweza, yaani kuongeza watoto. Hapa wazazi tungefaa kusikiliza hata kama huruma haitusukumi. Asiye na uhakika wa Desemba hatamkataa mtoto wa saba mwezi Machi, wala wa nane, wala wa tisa. Anajua watakuja kupungua, kwa hiyo anajaza mapema. Wawili bado wanatambaa, mmoja anaharisha, jiko la mkaa liko uani, na yeye ni mmoja. Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inahimiza malezi yenye mwitikio: mtoto akilia ajibiwe, akiongea aongeleshwe. Mikono miwili haiwezi kuwajibu watoto tisa. Ile hela tunayoibana Desemba inatoka kwenye sehemu ya mtoto, mwezi ambao hatupo kuona.

Likizo ya uzazi nayo ina jambo lake. Siku 84 zenye malipo, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama akijifungua wa pili, wengi humtoa yule wa kwanza kwa mlezi kwa kuwa wapo nyumbani. Ni karibu miezi mitatu. Kisha wanarudi na watoto wawili wakitaka nafasi mbili, na wakikuta imejaa wanaumia kama waliosalitiwa. Mimi nilifanya kitu cha namna hiyo. Niliondoka na mwanangu wiki tano bila kuacha hata senti, na niliporudi nikakuta godoro lake dogo limelaliwa na mwingine. Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani. Ilinichukua muda kukubali kwamba sikuwa nimeacha chochote kilichosema nafasi ile bado ni yangu.

Kwa wenzetu wa Uingereza, ambako walezi wa nyumbani waliojiajiri ni wa siku nyingi na wa England husajiliwa na kukaguliwa na Ofsted, chombo cha serikali cha kukagua elimu na malezi, jambo hili huandikwa kwenye mkataba kabla mtoto hajaanza. Wengi hutoza ada kamili mzazi anapokwenda likizo. Siku ambazo mlezi mwenyewe amefunga, wengine hutoza nusu na wengine hawatozi. Hawakubaliani wote, na hatuna haja ya kuiga viwango vyao. Ninachokipenda ni kwamba mzazi anajua mapema.

Na likizo ya mlezi mwenyewe je? Hapa nawaelewa wazazi zaidi. Akifunga yeye, mzazi lazima atafute mtu mwingine, na kulipa huku na kule kunauma. Sioni haki ya kumtoza mzazi hela kamili siku hizo. Ila tusisahau kwamba wengi wa akina mama hawa wana shamba Bahi, Chamwino au Kongwa, na mvua ya huku kwetu ni ya msimu mmoja, huanza kuelekea Desemba. Asipokwenda kupanda mtama na karanga wiki zile, hakuna msimu wa pili wa kumsubiri. Anakwenda kulima akiwa hana malipo, anarudi na kuendelea.

Kuhusu magonjwa sina maneno mengi, isipokuwa tahadhari moja. Ukimtoza mzazi kamili mtoto anapobaki nyumbani na homa, atashawishika kumleta na homa yake. Usipomtoza kabisa, mlezi atashawishika kumpokea. Nusu inawapunguzia wote wawili kishawishi. Sikukuu za kitaifa zisikatwe kabisa. Mwenye mshahara halipwi pungufu kwa sababu mwezi una Muungano na Karume.

Nairudia sasa hoja ya mama lishe. Nadhani kosa limekuwa kuwatafutia wazazi wote kanuni moja. Mwenye likizo yenye malipo ailipie nafasi ya mwanawe, angalau nusu, kwa kuwa mshahara wake haukukatika. Asiye na likizo ya namna hiyo, awe wa sokoni, wa kibarua au wa bodaboda, alipe siku ambazo mtoto amekuja, na kama anataka nafasi itunzwe wapatane kitu kidogo. Najua itasemwa kwamba ni ubaguzi, na kwamba mlezi hawezi kuuliza mshahara wa mtu. Hahitaji kuuliza. Anajua nani huondoka saa 11 alfajiri kwenda sokoni na nani hupitiwa na basi la wizara. Na walezi wengi tayari wanawabeba wa sokoni kwa kuwasubiri mpaka biashara ichanganye. Wakilipwa na wenye mishahara, watakuwa na nguvu ya kuendelea kuwasubiri.

Makubaliano ya mdomo yanakubalika katika sheria ya mikataba, lakini ya mdomo ya Machi husahaulika Desemba. Daftari la shilingi 500 linatosha: jina la mtoto, siku ya kulipa, nusu wakati wa likizo, taarifa wiki mbili kabla, siku ambazo mlezi anafunga. Pande zote mbili zitie saini, hata kama mmoja ni mkwe wa mwingine.

Na hizo siku za mlezi kufunga zingeweza kuangukia palepale wazazi wanapoondoka, kati ya wiki ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari, mvua ikiwa shambani na nyumba ikiwa na watoto wawili tu. Watabaki wa wauguzi na wa askari, ambao Krismasi kwao ni zamu kama nyingine. Hao wawili, mlezi wa mtaa wa pili anaweza kuwapokea kwa wiki hizo na kupokea yeye hela yao, kisha wabadilishane zamu Pasaka. Wapo wanaoanza kupokezana hivyo, kimyakimya, na bado hawajathubutu kuwaambia wazazi kwamba hata wiki hiyo nusu ingewafaa.